Umbea Usio na wa Kumsuta: Mhadhara Kuhusu Serial Experiments Lain

Habari za jioni, ndugu zangu. Humu ndani wamo waliokwisha kuitazama Lain, ule mfululizo wa anime, yaani katuni za Kijapani, mara tatu, na wamo walioburutwa na marafiki zao. Nitajaribu kuwatendea haki wote, ila nawaonya mapema: nitasimulia mpaka mwisho. Asiyetaka kuharibiwa uhondo, mlango ule pale, na wala sitanuna.

Tuanze na mwaka. Serial Experiments Lain ilianza kurushwa na TV Tokyo tarehe 6 Julai 1998, usiku wa manane, ikaisha tarehe 28 Septemba. Sehemu 13 tu. Windows 98 ilikuwa hata haijaingia madukani kule Japani. Ilingoja mpaka mwishoni mwa Julai hiyohiyo. Mwongozaji ni Ryūtarō Nakamura, mwandishi Chiaki J. Konaka, mtayarishaji Yasuyuki Ueda, na wahusika walichorwa na Yoshitoshi ABe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwenye anime. Hawa watu, wakati intaneti ya nyumbani bado inapita kwenye waya wa simu, wakatunga hadithi ya mtandao uitwao Wired ambao umevuja mpaka barabarani. Tazameni mtaa anaopita Lain kwenda shule: jua kali jeupe, nguzo za umeme, nyaya zinazovuma bila kukoma, na vivuli vyenye madoa mekundu kama vile kuna kitu kinaishi ndani yake. Hakuna magari yanayopaa wala maroboti. Ni nyaya tu, na mlio wake.

Lain Iwakura ana miaka 14. Mkimya, halali bila pajama zake za dubu. Msichana wa shuleni kwao, Chisa, anajirusha kutoka juu ya jengo, kisha wanafunzi wanaanza kupata barua pepe kutoka kwake. Anaandika kwamba ameuacha mwili tu. Lain anakwenda kumweleza mama yake, na mama hata hageuki. Anamwendea baba yake, ambaye kazungukwa na skrini chumba kizima, anamwomba kompyuta mpya, inayoitwa Navi. Baba anafurahi kupita kiasi. Anamwambia kwamba huko mtandaoni watu huungana, na kwamba hata msichana kama yeye atapata marafiki.

Anayasema hayo huku kaikodolea macho skrini, si mwanawe. Sekunde chache tu, na waandishi wamekwisha kusema nusu ya walichotaka kusema.

Sasa, wachambuzi wengi husema Lain ni hadithi ya upweke: teknolojia imewatenga watu, basi. Mimi siioni hivyo. Kwenye Lain watu hawajatengana hata kidogo. Wameunganishwa kupita kiasi, hakuna ukuta uliobaki kati yao. Kinachotisha mle si mashine. Kinachotisha ni umbea.

Nendeni kwenye sehemu ya 8, ambayo jina lake ndilo hilohilo, uvumi. Alice, rafiki wa pekee wa Lain, ana siri: anampenda mwalimu wake. Hajamwambia mtu. Ni mambo ya kichwani mwake, chumbani kwake, usiku, mlango umefungwa. Kukicha, shule nzima inajua. Na wanaoulizwa habari imetoka wapi wanasema imetoka kwa Lain. Kumbe huko Wired yuko Lain mwingine, mwenye sura ileile, mcheshi, mkali wa maneno, anayependa kuchungulia. Lain wetu hamjui, lakini hawezi kumkana.

Kwetu pwani umbea una dawa yake. Mtu akikusengenya unakusanya wenzako, mnamwendea mpaka mlangoni, mnamsuta mbele ya watu: ulisema nini, wapi, nani alisikia? Aibu inamrudia mwenyewe, na mtaa mzima unajua nani mwongo. Lakini Alice amsute nani? Akimfuata mbea wake mpaka mwisho wa njia anakutana na uso wa rafiki yake, na rafiki yake naye anatetemeka kuliko yeye. Aliyewahi kuona skrinishoti ya maneno yake ya faragha ikizunguka kwenye magrupu anaijua hali hiyo. Kila mmoja amefowadi, hakuna aliyesema.

Ueda aliwahi kusema alitarajia Wajapani na Wamarekani waielewe hadithi hii kwa namna tofauti, wabishane. Haikuwa hivyo, wote waliguswa karibu vilevile, na yeye hakufurahi. Mimi sishangai. Shule ni shule popote.

Nipite haraka kwenye mambo mawili ambayo najua mtaniuliza. Ile sehemu ya 9, inayochanganya Roswell (mji wa Marekani unaovumishwa kuangukiwa na chombo cha viumbe wa angani), mhandisi Vannevar Bush na memex yake ya mwaka 1945 (mashine ya kufikirika ya kuhifadhi na kuunganisha maandishi), na Ted Nelson na Xanadu (mradi wake wa maandishi yanayounganishwa kwa kompyuta), ni nusu historia ya kweli na nusu porojo, na waandishi wameichanganya makusudi. Pili, mwangwi wa Schumann upo kweli: ni mawimbi ya sumakuumeme yanayozunguka kati ya ardhi na tabaka la juu la anga, karibu hezi 8, yaani mitetemo minane kwa sekunde. Kwamba mhandisi anaweza kuyatumia kuunganisha akili za watu wote bila kifaa chochote, hiyo ni ya Konaka. Mhandisi mwenyewe ni Masami Eiri, mfanyakazi wa Tachibana, kampuni iliyomo kwenye hadithi, aliyejiingiza ndani ya protokali ya mtandao, yaani kanuni zinazouendesha, akafa, na sasa anataka aabudiwe.

Yeye simjali sana. Ninayemjali ni Alice, sehemu ya 12. Anakwenda nyumbani kwa Lain. Nyumba imechakaa, dada yake Lain kapoteza akili anatoa milio kama mashine, na ghorofani Lain amekaa katikati ya nyaya. Lain anamweleza kwamba miili haina kazi tena. Alice habishani naye. Anauchukua mkono wa Lain na kuuweka kifuani kwake. Moyo unadunda. Unadunda kwa kasi, kwa sababu Alice anaogopa, na anasema hivyo. Mashine zote mle ndani hazina jibu la jambo hilo. Lain anaunong'ona ule mdundo kwa mdomo wake, kama mtoto anayejifunza kuhesabu.

Kisha anafanya jambo ambalo mashabiki wengi hulisifu: anajifuta kwenye kumbukumbu za dunia nzima. Chisa yu hai, uvumi haukuwahi kuwepo, na Alice anaishi mpaka utu uzima bila jeraha. Wanaita kujitoa mhanga. Mimi nina neno na Lain hapo. Aliyeingia kichwani mwa Alice bila hodi ni yeye, au huyo pacha wake. Na aliyeingia mara ya pili kumfutia kumbukumbu ni yeye tena, safari hii kwa nia njema. Mara zote mbili Alice hakuulizwa. Pengine angechagua kukumbuka aibu yote ile, mradi abaki na rafiki. Waandishi hawakumpa nafasi ya kusema, na kwenye mkutano wao wa mwisho, Alice akiwa mtu mzima, anamtazama Lain kama mtu aliyewahi kumwona mahali fulani, basi.

Najua kuna watakaonipinga, na nimewaona wawili huku mbele wanatikisa vichwa tangu zamani. Kipaza sauti kiende kwao kwanza.