Kosa Lililovaa Right: Either na Monadi Ndani ya Haskell

Karibuni tena. Leo tunashika makosa kwa monadi, yaani njia ya kuunganisha hatua ambapo kila moja hupokea jibu la iliyotangulia, ndani ya lugha ya programu ya Haskell, na hakuna eksepsheni (kosa linalokatiza programu) itakayorushwa. Faili hili hapa, GHCi, dirisha la kujaribia msimbo, iko chini yake, twende.

Funksheni ya kwanza, somaNamba: inapokea maandishi, inarudisha Either String Int, yaani ama maandishi ya kosa ama namba. Ndani naita readMaybe, inayojaribu kugeuza maandishi kuwa namba. Ikitoa Nothing, yaani imeshindwa, narudisha Left "Hii si namba". Ikitoa Just n, basi Right n. Ya pili, kaguaUmri: n ikiwa chini ya sifuri, Left "Umri gani huu?", la sivyo Right n. Left ni kosa, Right ni jibu. Ukichanganyikiwa, kumbuka kuwa huku kulia hakuna anayelia; wanaolia wote wako kushoto.

Napakia... Aa, mmeona wekundu huo? Kompaila, programu inayotafsiri msimbo, haimjui readMaybe. Nimesahau import Text.Read, mstari unaoileta, pale juu, kama kawaida yangu. Ngojeni... haya, imekubali.

Sasa tuunganishe, na hapa naomba mtulie. Mkono utakuvuta uandike fmap kaguaUmri (somaNamba "-5"); fmap hupeleka funksheni kwenye thamani iliyo ndani ya Right. Naandika, naibonyeza. Someni jibu: Right (Left "Umri gani huu?"). Kosa limevaa koti la Right! Kompaila haijalalamika, kwa sababu aina zote ziko sawa: Either ndani ya Either. Mimi niliwahi kuangalia koti la nje tu, nikaona Right, nikachapisha "Salama". Programu ikapokea umri wa hasi tano kwa furaha, nami nikatafuta tatizo jioni nzima nikiamini liko kwingine.

Dawa ni >>=, inayosomwa baindi, ambayo haiongezi koti la pili: somaNamba "-5" >>= kaguaUmri. Sasa ni Left peke yake. Jaribu "ishirini": Left "Hii si namba", na kaguaUmri haikuguswa kabisa. Jaribu "30": Right 30.

Narudia, maana najua kuna atakayeruka: tazama funksheni unayoiunganisha inarudisha nini. Ikirudisha thamani ya kawaida, isiyo ndani ya Either, fmap. Ikirudisha Either, baindi. Ukiona Right imebeba Right au Left nyingine kwenye jibu, simama hapo hapo.

Hatua zikizidi tatu, mimi huhamia kwenye do, mwandiko wa hatua mstari kwa mstari, mishale ya >>= inanichosha macho:

do n <- somaNamba t
   kaguaUmri n

Ni kitu kile kile, t ikiwa maandishi yanayoingia. Nadharia ya mwanasayansi wa kompyuta Eugenio Moggi ya 1989 na 1991 iliyoleta monadi huku kwenye programu ni tamu, ila tukiingia humo hatutoki leo.

Jambo moja tu: Either husimama kwenye kosa la kwanza. Ukiwa na fomu yenye sehemu kumi na unataka makosa yote kwa mpigo, hii haikufai. Utahitaji aplikativu, njia nyingine ya kuunganisha hatua zisizotegemeana, inayokusanya makosa yote. Nimeshaanza kuiandika, video ijayo nitaionyesha, nikikumbuka import.