Kumchagulia Mtu Albamu ya Hip Hop: Anza na Sikio Lake

Mabibi na mabwana, wapenzi wa muziki, karibuni.

Mtu akituomba tumpendekezee albamu ya hip hop, wengi wetu tunakimbilia orodha ya zile bora za nyakati zote. "Sikiliza Illmatic ya Nas," tunamwambia, na tunaona kazi imekwisha. Ni albamu ya mwaka 1994, nyimbo 10, dakika kama 40, na kwa mistari iliyopangwa sioni inayoizidi. Lakini utamu wake umo kwenye maneno: vina vinavyokutana katikati ya mstari, picha za Queensbridge, mtaa wa New York alikokulia Nas, zinazopita haraka. Sasa kama aliyeomba ni mtu wa besi ya kutikisa kifua, au mtu anayesubiri kiitikio ili naye aimbe, ataisikiliza mara moja, ataizima, kisha atasema hip hop haimfai. Msikilizaji ametutoka, na ametutoka mikononi mwa albamu nzuri.

Kwa hiyo ninachokitetea hapa ni kimoja: pendekezo lianze na kile ambacho sikio la mtu tayari linakishika. Ukubwa wa jina la albamu uje baadaye, au usije kabisa.

Usimuulize "unapenda muziki gani?" Atajibu "jazi" au "R&B", na hutakuwa umejua kitu. Mwombe nyimbo tatu anazozirudia, hata kama hakuna ya hip hop kati yake. Kwa kila wimbo muulize ni sehemu gani huwa anaisubiri. Mmoja atasema ni pale ngoma zinapoingia. Mwingine atasema ni pale mwimbaji anaposhusha sauti. Mwingine hatasema chochote, ataanza tu kukariri maneno. Kisha mwombe wimbo mmoja ambao watu wanausifu lakini yeye huuzima, akuambie anauzima wapi. Jibu hilo la nne mimi nalipatia uzito zaidi kuliko yale matatu. Mtu anaweza kupenda wimbo kwa sababu ya kumbukumbu zake tu, lakini kinachomfanya anyooshe mkono kuzima ni sikio.

Majibu hayo yatakuonyesha ameshikwa na nini: mdundo na besi, rangi ya biti, yaani vyombo na sampuli (vipande vilivyokatwa kwenye rekodi za wengine) zilizoijenga, sauti ya mchanaji na mwendo wake, au maneno yenyewe. Kwa kawaida ni viwili kwa pamoja. Hivyo viwili usiviguse. Badilisha kimoja kingine, basi. Ukibadilisha vyote kwa mara moja, akikataa hutajua amekataa nini.

Tuchukue mtu wa jazi, maana ndiye anayekosewa mara nyingi. Ameleta Kind of Blue ya Miles Davis, anasubiri besi inapotangulia kwenye wimbo So What, na huzima palipo na kelele. Kosa la haraka ni kumpa To Pimp a Butterfly ya Kendrick Lamar, ya 2015, kwa kuwa "ina jazi ndani". Kweli ina jazi: wamo wanamuziki wa jazi kama Thundercat, Robert Glasper, Terrace Martin, Kamasi Washington. Lakini inakaribia dakika 80, fanki imejaa, na sauti ya Kendrick inabadilika kutoka kunong'ona hadi kupiga mayowe. Huyu uliambiwa kabisa kuwa anakimbia kelele.

Mpe The Low End Theory ya A Tribe Called Quest, 1991. Wimbo wa kwanza, Excursions, unaanza na besi peke yake, kipande kilichochukuliwa kwenye rekodi ya Art Blakey. Sauti ya Q-Tip inaingia juu ya besi hiyo tupu, na anachosimulia ni jinsi baba yake alivyokuwa akiisikia hip hop na kuiona kama bebop, ile jazi ya kasi ya miaka ya 40. Ndipo ngoma zinaingia. Kwa mpenzi wa jazi hakuna mlango ulio wazi kuliko huo: besi anayoijua, nafasi ya kutosha kati ya vyombo, na mtu anayemweleza kwa utulivu uhusiano wa muziki huu na ule wake. Ndani ya albamu hiyohiyo, kwenye Verses from the Abstract, besi imepigwa na Ron Carter, yuleyule wa kundi la Miles Davis la miaka ya 60. Mwambie hilo kabla hajasikiliza, ili alitege sikio.

Ikimkaa, ngazi ya pili ni Jazzmatazz ya Guru, 1993, ambamo Donald Byrd, Roy Ayers na Branford Marsalis wamepiga wenyewe. Kama albamu ya hip hop mimi naiweka chini ya ile ya Tribe, ila sauti ya Guru ni tambarare na tulivu, na hilo ndilo huyu msikilizaji analihitaji. Baada yake, Blowout Comb ya Digable Planets, 1994. Hapo sasa To Pimp a Butterfly inaweza kuja, na aingilie kwenye For Free?, dakika mbili za bendi ya jazi ikikimbia na Kendrick akiikimbiza kwa maneno.

Angalia lakini: mtu wa jazi aliyekuletea kazi za mwisho za John Coltrane, zile za vurugu, si mtu huyo. Low End Theory itamchosha kwa unyoofu wake. Yeye mpe Black Up ya Shabazz Palaces, 2011. Anayechana humo ni Ishmael Butler, aliyekuwa Digable Planets, lakini biti zimevunjwavunjwa na wimbo unaweza kugeuka katikati bila taarifa. Aina ni moja, jazi. Masikio ni mawili.

Mtu wa maneno naye tusimchukulie kwa jumla, kwani kuna anayetaka hadithi, kuna anayetaka ufundi wa vina, kuna anayetaka mtu afunguke moyo.

Wa hadithi apewe good kid, m.A.A.d city ya Kendrick, 2012. Ni hadithi ya kijana wa Compton, mji ulio karibu na Los Angeles, na imekatwa vipande visivyofuatana kwa mpangilio wa saa. Katikati ya nyimbo kuna sauti za wazazi wake kwenye simu, mama akidai gari lake lirudishwe, na hizo ndizo kamba zinazofunga hadithi. Akiisikiliza kwa kuchanganya nyimbo ovyo, hadithi yote imepotea. Mwonye. Kwa anayetaka mzizi wa usimulizi huo kuna The Great Adventures of Slick Rick, 1988, ambamo mtu mmoja anaigiza sauti za wahusika kadhaa, ingawa maneno yake kuhusu wanawake yatawakera wengi, na ni haki mtu alijue hilo kabla hajafungua.

Wa vina aanze na Paid in Full ya Eric B. & Rakim, 1987, kwa sababu Rakim hachani haraka. Vina vya katikati ya mstari vinasikika kimoja kimoja. Akizoea, mpeleke kwa Big Pun, Capital Punishment ya 1998, ambako vinamiminika kwa pumzi ndefu. Kinyume chake, yaani kumwanzisha na Pun, huwa hakufai: anasikia kasi tu, ufundi unampita. Madvillainy ya MF DOOM na Madlib, 2004, ndiyo albamu ninayoipenda kuliko zote za mkondo huu, na bado siitoi mwanzoni. Ina vipande 22 ndani ya dakika kama 46, vingi havina kiitikio, wimbo unakatika ukiwa ndiyo kwanza umekolea. Mtu aliyezoea ubeti, kiitikio, ubeti atadhani anasikiliza rasimu.

Anayetaka mtu afunguke: The Diary ya Scarface, 1994, au 4:44 ya Jay-Z, 2017, yenye nyimbo 10 na prodyuza mkuu mmoja, No I.D. Hiyo ya pili inawafaa hasa watu wazima ambao hip hop walishaiacha.

Sasa mtu wa mdundo. Huyu husikiliza trap ya leo, ile hip hop ya besi nzito iliyotoka kusini mwa Marekani, tuseme DS2 ya Future, 2015, na jamaa zake wanamsumbua arudi kwenye "hip hop halisi" wakimaanisha New York ya miaka ya 90. Biti nyingi za New York ya wakati ule zinakaa kwenye mapigo kama 85 hadi 100 kwa dakika, ngoma kavu, besi fupi. Trap huandikwa 130 hadi 150, kichwa kikitikisika kwa nusu yake, na besi inavuta kwa muda mrefu. Kumrusha kutoka huku hadi kule ni kumbadilishia kila alichokipenda. Historia yake yeye inapita kusini mwa Marekani, basi mrudishe kwa njia hiyo: Trap Muzik ya T.I., 2003, kisha Mystic Stylez ya Three 6 Mafia kutoka Memphis, 1995, ambamo atazikuta tayari zile sahani za ngoma zinazokimbia na vinanda vya kutisha, kisha Ridin' Dirty ya UGK, 1996. Kutoka UGK hadi Aquemini ya Outkast, 1998, ni hatua fupi, na akifika Aquemini amefika pahala ambapo anaweza kugeukia upande wowote.

Kwa albamu hizi muulize anasikilizia kifaa gani. Mdundo huo wa chini umetokana na mashine ya Roland TR-808, iliyotengenezwa kati ya 1980 na 1983, yenye ngoma ya kiki inayoweza kuvuma kwa muda mrefu chini kabisa ya sikio. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa. Msikilizaji anabaki na sahani na sauti ya mtu, anakuambia albamu ni nyembamba, na kwa alichokisikia hakosei. Aitafutie spika za masikioni zinazoziba vizuri, au spika ya kweli.

Wa roki nitampitia haraka. Watu humpa Raising Hell ya Run-DMC, 1986, kwa ajili ya gitaa na Aerosmith, bendi ya roki iliyoshiriki humo. Muulize kwanza kama anapenda gitaa au anapenda msukumo. Kama ni msukumo, basi It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back ya Public Enemy, 1988, itamshika zaidi, na kwa aliyezaliwa juzi, Run the Jewels 2 ya 2014. Wa soul na R&B ndiye mwepesi kuliko wote: The Miseducation of Lauryn Hill, 1998, kisha Be ya Common, 2005.

Kuna jambo la rangi ya biti ambalo mpendekezaji lazima alijue. Rekodi za mwisho wa miaka ya 80, kama hiyo ya Public Enemy au Paul's Boutique ya Beastie Boys ya 1989, zimerundikiwa sampuli nyingi juu ya wimbo mmoja. Desemba 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya mchanaji Biz Markie kwa kutumia wimbo wa mwimbaji Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na tangu hapo kila kipande kilidai kibali na malipo. Sampuli zikapungua kwa kila wimbo, na wengine wakaajiri wapigaji wazipige upya fanki za zamani, kama alivyofanya prodyuza Dr. Dre kwenye The Chronic, 1992. Kwa hiyo mtu aliyependa msongamano wa Paul's Boutique usimtafutie mwenzake katika matoleo makubwa ya katikati ya miaka ya 90. Mrudishe nyuma, kwa De La Soul na 3 Feet High and Rising ya 1989, ambayo kwa ajili ya hizohizo sampuli haikupatikana kwenye huduma za kusikilizia mtandaoni hadi Machi 2023. Au mpeleke kwa aliyejenga albamu karibu yote kwa sampuli, DJ Shadow, Endtroducing ya 1996.

Namna ya kutoa pendekezo ina uzito sawa na pendekezo. Toa albamu mbili, si kumi. Aliyepewa kumi husikiliza wimbo mmojammoja na hapati picha ya yoyote. Ya kwanza iwe karibu sana na anachokipenda, ya pili iwe hatua moja mbali. Kwa kila moja taja wimbo wa kuingilia, maana wimbo wa kwanza wa albamu ya hip hop mara nyingi ni utangulizi au maigizo. Mwambie achukue toleo la awali; matoleo yaliyoongezwa nyimbo huharibu mwisho uliopangwa. Muulize mapema kama matusi yanamsumbua. Na kama hana subira, kuna Daytona ya Pusha T, 2018: nyimbo saba, dakika 21.

Kuhusu sauti, tahadhari moja. Enter the Wu-Tang ya kundi la Wu-Tang Clan, 1993, ina wachanaji wengi wanaopokezana, na mgeni hawezi kuwatofautisha. Mpe kwanza Liquid Swords ya GZA, mmoja wa kundi hilo, 1995, biti za RZA yuleyule aliyetengeneza za kundi, sauti moja ikiongoza na wenzake wakiingia kama wageni. Akirudi siku ya tatu akuulize yule mwenye sauti ya kukwaruza kwenye wimbo fulani ni nani, usimpe orodha mpya. Mtajie jina la huyo mchanaji na albamu yake ya kwanza.