Nyie wa "AC ya nje umeifungaje", leo najibu

Haya jamani, mambo vipi, leo nalijibu hili swali maana nimechoka, naweka video ya kusuka nywele mtu anauliza mashine ya AC iliyoonekana dirishani imefungwaje. Na kabla hujaandika "anaringa huyu", siringi, na wala silalamiki, we si umeuliza.

Mashine yenyewe kuinunua ni rahisi, kilichonitoa jasho ni makaratasi. Mwenye nyumba anataka barua, ofisi ya jengo inataka mchoro, ukuta gani, maji yatatiririkia wapi, kelele zitamfikia jirani yupi, na nakala ya leseni ya fundi. Wakairudisha barua yangu kisa saini imekaa sio mahali pake, na hela ya kibali harudishiwi mtu! Halafu kuna ndugu yangu mmoja ananiambia si bora ungetuma hiyo hela nyumbani. Sawa, tumeelewana.

Ukuta sasa. Mashine ya nje ya nyumbani mara nyingi ni kama kilo 25 mpaka 40, na inatetemeka muda wote ikiwaka, kwa hiyo lipu isikudanganye, jua nyuma yake kuna nini. Kama ni zege, boliti za kutanuka, zile zinazovimba ndani ya tundu ukizikaza, zinakaa vizuri tu. Tofali za matundu hapana, boliti inatanukia hewani, hapo fundi wangu alitumia zile za kugandishwa na gundi maalumu, akasubiri ikauke kweli ndo akapandisha mzigo. Breketi akaipima na pima maji, kila mguu wa mashine akauwekea raba, ndo maana haigongi, hakuna uchawi.

Usiibane. Kitabu cha yangu kinataka walau sentimita 10 nyuma, na mbele kusiwe na kitu, chako kisome maana zinatofautiana. Kuna watu wanaijengea kizimba wezi wasiione, ile hewa ya moto inarudi humo humo, mashine inahangaika, bili ya umeme inapanda halafu wanasema AC mbovu.

Tundu la ukutani la kupitisha mabomba liinamie nje kidogo, la sivyo maji yanakurudia ndani. Na hapa kwenye gesi ya kupozea ndo pa kukomaa na fundi, huku kwangu asiye na cheti haruhusiwi kuigusa, kwenu sijui, kila mtu na sheria zake. Akitaka kufukuza hewa kwenye mabomba kwa kufungulia gesi kidogo, mkatalie, unyevu unabaki ndani ya mabomba na kompresa, ile inayosukuma gesi ndani ya mashine ya nje, ndo inaumia. Atumie pampu ya kunyonya hewa, kisha afunge valvu ya geji (kipimo cha presha) ndo aizime pampu, aache hivyo muda wa kutosha, na wewe simama hapo uangalie mshale. Ukianza kupanda, kuna mahali panavuja au unyevu haujaisha, asifungulie gesi. Akilalamika unamchelewesha, mletee kiti.