Volkswagen ya Zamani kwa Mota ya Umeme: Tuanzie Wapi?

Shikamooni wazee wangu. Ndugu mafundi, vijana, habari za jioni. Nashukuru kupewa nafasi hii. Nimeombwa nieleze namna mtu anavyoweza kutoa injini ya petroli kwenye gari la zamani na kufunga mota ya umeme, hapahapa Dar es Salaam, kwenye ua wa nyumba yake. Mfano wangu utakuwa Volkswagen Beetle. Gari hili lilitengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka la mwisho lilipotoka Mexico mwaka 2003. Ni jepesi, halina mambo mengi, na injini yake inashikiliwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu.

Mji huu unaijua kazi ya kubadilisha mifumo. Wengi mliopo hapa mmeshafunga mitungi ya gesi asilia kwenye magari, na DIT, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, wanaifanya kazi hiyo. Nairobi kuna kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, leo inaitwa Roam, na mwanzoni ilikuwa ikibadilisha magari ya utalii. Hata gari la umeme lenyewe si jambo la juzi. Mwaka 1899 dereva Mbelgiji, Camille Jenatzy, alivuka kilomita 100 kwa saa kule Ufaransa, na gari lake lilikuwa la umeme. Kwa hiyo tusipoteze jioni yetu kubishana kama inawezekana.

Ninachotaka tukizungumze ni wapi pa kuanzia. Mtu ananipigia simu: "Fundi, nimepata mota ya kilowati 80." Namuuliza, kwani kila siku unakwenda wapi? Hana jibu. Ameanzia mwisho. Mota ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kwenye kazi hii. Kinachoamua uzito wa gari, bei, usalama na hata pale utakapokata bati au usipokata, ni betri. Na betri inaamuliwa na safari yako.

Chukueni kalamu. Kwenye gari la umeme tunahesabu kwa kilowati-saa, na kilowati-saa moja ndiyo ileile uniti moja unayonunua kwenye LUKU. Beetle iliyobadilishwa, kwa mwendo wa mjini, inakula takribani uniti 15 kwa kilomita 100. Tuseme unaishi Tegeta na kazi yako iko Posta. Kwenda na kurudi, pamoja na kupita sokoni na kumchukua mtoto shule, tuipe kilomita 60. Hapo umetumia uniti 9. Lakini betri haitumiwi mpaka tone la mwisho, acha asilimia 20 chini. Tena itachakaa, basi weka asilimia 20 nyingine kwa ajili ya miaka ijayo. Unapata uniti 14. Nunua ya 15.

Angalieni hesabu hiyo ilivyokuokoa. Aliyeota kwenda Morogoro bila kusimama angenunua betri mara mbili au tatu ya hiyo, akaibebesha gari la kilo 800, halafu kila siku akaenda nayo Mwenge. Kama Morogoro unakwenda kwa nadra, panda basi au treni. Mwenye Land Rover 109 azidishe karibu mara mbili, maana gari ni zito na bodi yake inagombana na upepo.

Sasa gharama ya kutembea. Uniti 9 zikiingia kwenye betri, LUKU itasoma kama 10, kwa kuwa chaja nayo hupoteza umeme kidogo kwa joto. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, iliyo kama shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni 3,500. Beetle yenye kabureta kwenye foleni ya Bagamoyo Road itakunywa lita 6 kwa safari hiyohiyo. EWURA hutangaza bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zidisheni wenyewe. Na foleni ndiyo mahali mota inapong'ara: mkisimama kwenye taa za Morocco, injini inaendelea kula, mota haili kitu.

Turudi kwenye betri. Mimi nawashauri seli za lithiamu chuma fosfeti. Hazibebi nishati nyingi kwa kilo kama zile za nikeli, ila zinavumilia joto na si nyepesi kuwaka. Kila seli ni volti 3.2. Unga 32 kwa mfululizo, unapata kama volti 100. Zikiwa za ampea-saa 150, hizo ni uniti 15 na kitu. Uzito wake ni kama kilo 100, weka 30 za sanduku na vishikizo. Injini uliyoitoa ni karibu kilo 100, tenki lililojaa na ekzosi vinaondoka pia, mota na kontrola, kile kifaa kinachoiongoza mota, vinaingia kwa kilo 50 au 60. Ukijumlisha na kutoa, gari limeongezeka uzito wa abiria mmoja. Springi zake zinaubeba.

Lakini hapa niwaombe mnisikilize vizuri. Seli zinazouzwa kwa ajili ya sola zinafanana kabisa na za gari kwa macho. Nyingi zimetengenezwa kutoa mkondo wa kadiri tu, ampea 150 kwa seli ya ampea-saa 150. Gari likipanda kilima cha Chuo Kikuu na watu wanne ndani litadai ampea 300. Seli ya sola itashuka volti, itapata joto, itavimba. Kabla hujatoa hela, dai karatasi ya vipimo na usome mkondo wa kutoa mfululizo. Muuzaji asiye nayo, muage kwa heshima.

Njia ya pili ni kununua betri ya Nissan Leaf iliyotumika. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya uniti 24, imegawanywa katika moduli 48. Zile za mwanzo hazina mfumo wa kupozwa kwa maji wala kwa feni, na kwenye nchi za joto zinachoka mapema. Kama unanunua gari zima, washa dashibodi uhesabu vile vistari vidogo vya pembeni vya afya ya betri. Zikiwa mpya ni 12. Na kumbuka kuwa betri hiyo ikiwa nzima ina karibu volti 400. Kwa anayefanya kazi hii nyumbani kwa mara ya kwanza, ningependa abaki kwenye volti 100. Hata hizo zinaua.

Upande wa chuma nitaupitia haraka, kwa sababu mafundi wa kukereza vyuma wa mtaa wa Gerezani wanaijua kazi hii kuliko mimi. Unahitaji bamba la kuunganisha mota na giaboksi, na kiungo cha kushika shafti. Jambo moja tu: shafti ya giaboksi ya Beetle inaishia kwenye beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili. Mota ikikaa kando kwa nusu milimita, beringi hiyo na sili ya mafuta havitamaliza mwaka. Pimeni kwa geji ya saa, zungusheni kwa mkono, msikubali kukadiria kwa jicho. Halafu, kwa kuwa mota inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu inapoanza kuzunguka, wekeni kikomo cha mkondo kwenye kontrola. Giaboksi hii ilibuniwa kwa injini ya farasi 40 au 50. Mkiilazimisha, meno yatakatika.

Umeme ndipo nataka tukae. Umeme wa TANESCO unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na ndiyo maana swichi ya nyumbani ikiachia, cheche inajizima. Umeme wa betri haupiti sifuri kamwe. Cheche ikishashika inaendelea kuwaka mpaka kitu kiyeyuke. Kwa hiyo breka ya ukutani uliyoinunua Kariakoo haina kazi kwenye gari hili. Fyuzi na kontakta, ile swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme, ziwe zimeandikwa wazi kwamba ni za mkondo mnyoofu, yaani DC, na kwa volti zenu au zaidi. Fyuzi moja ikae ndani ya sanduku la betri lenyewe, si mwisho wa waya.

Ndani ya kontrola kuna kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi. Ukiiunganisha na betri moja kwa moja, inavuta mkondo mkali ndani ya kufumba na kufumbua, na ncha za kontakta zinaweza kulehemeka. Kontakta iliyolehemeka haiachii tena, hata ukizima ufunguo. Dawa yake ni kontakta ya pili ndogo yenye rezista. Ukigeuza ufunguo utasikia "ta", ile ndogo imefunga, kapasita inajaa taratibu kupitia rezista. Baada ya sekunde moja au mbili unasikia "ta" nzito, kubwa imefunga. Jifunzeni kusikiliza sauti hizo mbili. Ukisikia moja tu, zima, usikanyage kitu.

Waya wa betri kubwa usiguse bodi ya gari popote, chanya wala hasi. Bodi ni ya volti 12 peke yake, taa na honi, na volti hizo mtazipata kwenye konveta inayochukua nafasi ya dainamo. Kila seli iwe na waya wake kwenda kwenye BMS, kifaa kinachozilinda seli, na BMS ikikataa lazima kontakta ifunguke na kukata umeme, si kuwasha taa nyekundu tu. Wakati wa kuunga seli, vua pete na saa. Vaa glavu za mafundi umeme, funga spana zako zote kwa tepu ukibakiza mdomo tu. Pima kwanza kwa mita kabla hujagusa. Na usiwe peke yako, hata kama jirani amekuja kukaa tu kwenye kiti.

Chaja itachomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13. Iwekeni kwenye ampea 10, ipatikane kama kilowati 2.3, na uniti 10 zitaingia kwa saa nne na nusu. Soketi hiyo iwe na waya wake kutoka kwenye meinswichi, wa milimita 2.5, na ethi iliyopimwa. Ekstensheni ya sebuleni, hapana.

Tumo kwenye mji wa chumvi na mafuriko. Sanduku la betri lifungwe kwa raba, vichwa vya nyaya vivalishwe plastiki ya gundi inayosinyaa kwa moto, na mtu asipite Jangwani maji yakiwa yamejaa. Breki na sakafu ya gari vitengenezwe kabla ya umeme. Beetle nyingi za pwani zimeliwa na kutu chini ya kiti cha nyuma, jirani na pale mnapotaka kuweka betri.

Injini ya zamani msiiuze chuma chakavu, nawasihi. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, halipendekezi mabadiliko haya. Linasema anayeyafanya ahifadhi vipuri vya asili na ahakikishe gari linaweza kurudishwa lilivyokuwa. Mimi naipenda kazi hii na bado nakubaliana nao. Betri ikae pale tenki lilipokuwa na nyuma ya kiti, kwenye mashimo ya bolti yaliyopo. Msikate chesisi. Injini ipakwe mafuta, ifungwe turubai, iwekewe lebo. Mjukuu wako anaweza kuitaka.

Kadi ya gari inataja namba ya injini na aina ya nishati. Nendeni TRA mkaulize utaratibu kabla ya kufungua bolti ya kwanza, na bima nao waambiwe, maana gari likipata ajali huku kadi ikisema petroli, mtapata tabu kulipwa. Mwisho, choreni mchoro wa gari kwa Kiswahili, uonyeshe betri iko wapi na swichi ya kukatia umeme iko wapi. Nakala moja ikae kwenye mlango wa dereva. Watu wa zimamoto, namba 114, wakifika usiku barabarani, hawatajua kwamba Volkswagen hii haina petroli.