Gitaa la Solo Lisilokwaruza: Modeli Gani ya Amplifaya?

Mhadhara kwa wapiga gitaa wa bendi na makanisa, Kisumu

Hamjambo nyote. Waliotoka Siaya na Bunyore wamefika kabla ya watu wa Kondele, na Kondele ni hapo tu! Haya. Fundi wa mitambo, niachie spika mbili za mbele, za kando zima kabisa.

Nimeombwa nizungumze juu ya modeli za amplifaya kwa gitaa la umeme lenye sauti safi, ile isiyokwaruza. Modeli ni programu inayoiga amplifaya halisi: valvu zake (zile chupa za kioo zinazokuza sauti), vitufe vyake, hata spika yake. Utaikuta ndani ya kisanduku cha kukanyagia, ndani ya kompyuta, au ndani ya amplifaya hizi ndogo za siku hizi. Kwetu sisi jambo hili si anasa. Amplifaya halisi ya Fender Twin Reverb ina uzito wa karibu kilo 30. Ukiletewa iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, inataka volti 120, na stima yetu ni volti 240. Ichomeke bila transfoma, utanunua nyingine.

Sasa, ukifungua kisanduku unakuta orodha ndefu, na majina yenyewe yamejificha kwa sababu ya haki za alama za biashara. Kwenye kisanduku cha Helix cha kampuni ya Line 6, kwa mfano, Twin inaitwa US Double, Jazz Chorus ya Roland inaitwa Jazz Rivet, na AC30 ya Vox inaitwa Essex. Kijana anachagua Twin kwa kuwa amesikia ndiyo mama wa sauti safi, anapiga chumbani, anafurahi. Jumamosi anapanda jukwaani, solo yake haisikiki. Analaumu fundi wa mitambo. Fundi, usicheke, wewe pia una makosa yako.

Tuanze na gitaa lenyewe kabla ya amplifaya. Uzi wa kwanza ukipigwa wazi unatoa mtetemo wa hetzi 330. Ukibana pingili ya 12, unapata 659. Solo ya benga huishi sana maeneo hayo ya juu, noti moja moja, za haraka, kwa sababu imebeba mapigo ya nyatiti, kinubi cha Waluo, na nyatiti haishiki noti ndefu: uzi unadonolewa, unakufa, unadonolewa mwingine. Halafu mnajua benga inavyokwenda. Mwimbaji anamaliza beti, ananyamaza, na magitaa yanachukua uwanja. Hapo ndipo watu wanasimama kucheza. Noti zikishikana hapo, umewaangusha.

Kwa hiyo tunataka amplifaya inayochelewa kukwaruza. Twin, iliyotoka mwaka 1963, ina wati 85 na spika mbili za inchi 12. Hata ukiipiga kwa nguvu inabaki safi. Lakini sikilizeni kitu kingine. Napiga noti hizi kwenye Twin, vitufe vyote vitatu katikati. Inang'aa, sivyo? Sasa mpiga besi, ingia. Ngoma, ingia. Solo imekuwa nyembamba kama sindano. Ncha yake inasikika, mwili umepotea.

Sababu iko ndani ya vitufe. Saketi ya sauti ya Fender za miaka ile inachimba shimo katikati, karibu na hetzi 400 hadi 500, hata kama vitufe vyote viko nusu. Uzi wa kwanza kwenye pingili ya saba ni hetzi 494. Unaona shimo limeangukia wapi? Dawa yake ni hii: kitufe cha sauti nene kishuke hadi 2, cha sauti nyembamba hadi 3, cha kati kipande hadi 10. Usiogope hiyo 10. Kwenye saketi ile vitufe vinavutana, na kuweka cha kati mwisho huku vingine viko chini ndiko kunakaribia sauti iliyonyooka. Chumbani utaiona imepooza. Ngoma ziache ziingie, utanishukuru.

Mimi lakini kwa solo sianzi na Twin. Naanza na Deluxe Reverb: wati 22, spika moja ya inchi 12. Ukigusa nyuzi kwa ulaini ni safi. Ukikaza mkono, inabana kidogo kabla ya kukwaruza, na kule kubana kunasawazisha noti za haraka, kali na dhaifu zikawa za kimo kimoja. Twin haikusaidii hivyo. Inaonyesha kila noti uliyoikosea mkono.

Deluxe ina ujanja wake, hata hivyo. Chaneli ya vibrato ya Deluxe ina kapasita ndogo iliyofungwa kwenye kitufe cha ukubwa wa sauti, inayopitisha sauti nyembamba, na haina swichi ya kuizima. Kitufe kikiwa chini, kapasita hiyo inatawala, masikio yanachomwa. Kikipanda, nguvu yake inapungua. Modeli nzuri zinaiga hata hilo. Mtu anayetafuta usafi hushusha kitufe hadi 2, kisha analalamika kwamba modeli ni kali. Kiache kwenye 4 au 5, na kama gitaa linakwaruza, punguza sauti kwenye gitaa lenyewe. Ukubwa wa sauti ya ukumbi urekebishe mwisho wa mnyororo, kwenye sauti ya kutokea, ambayo haibadilishi tabia ya amplifaya.

Rithimu ni habari nyingine. Kwa rithimu, Jazz Chorus, bila mjadala mrefu. Haina valvu, ilitoka Japani mwaka 1975, inatoa wati 60 kwa kila spika kati ya mbili, na hata ukiikaba shingo haikwaruzi kirahisi. Korasi yake, ile inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi, iache imezimwa, isipokuwa bendi yenu inaegemea rumba.

AC30 wengi wanaipenda. Kwenye modeli yake kuna kitufe cha Cut kinachofanya kazi kinyume: ukikipandisha, sauti nyembamba inapungua. Basi, mkijua hilo mnaweza kuijaribu.

Spika sasa, na hapa ndipo makanisa yetu yanapoumia. Spika ya gitaa ya inchi 12 inashuka kwa kasi kupita hetzi 5,000. Spika za ukumbi zinakwenda mbali zaidi ya hapo. Ukipeleka modeli ya amplifaya kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, bila modeli ya kabati la spika, unapata ule mlio wa nyuki. Na ukichomeka gitaa moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la mikisa, pikapu ya gitaa, ile inayonasa mtetemo wa nyuzi, inaelemewa, na sauti nyembamba inamezwa. Tafuta tundu lililoandikwa Hi-Z au Inst. Nikiambiwa nibadilishe kitu kimoja tu, nabadilisha modeli ya spika kabla ya modeli ya amplifaya, maana tofauti yake inasikika hadi mlangoni.

Swali? Ndiyo, mzee wangu.

(Mzee mmoja kutoka Bunyore aliuliza modeli ipi inafaa omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya.)

Asante mzee. Hapana, omutibo iache ilivyo. Gitaa lile ni kavu, na mwenzako anakwaruza chupa ya Fanta pembeni. Abana ba Nasery, wale wapigaji wa omutibo, hawakuhitaji Twin. Kama ukumbi ni mkubwa, weka maikrofoni mbele ya gitaa na nyingine kwenye chupa. Modeli ya amplifaya itakuharibia.

Na wewe dada huko nyuma? Kompyuta inachelewesha sauti. Sawa. Weka bafa, lile fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia, kwenye sampuli 128. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, hizo ni chini ya milisekunde 3, ukijumlisha kuingia na kutoka bado unaweza kupiga. Ya 1,024 ni ya kurekodi na kuchanganya, si ya jukwaani. Programu ya bure ipo, Neural Amp Modeler, na watu wametengeneza Deluxe nyingi ndani yake. Pakueni tatu, zipigeni pamoja na besi na ngoma, mbili mzifute.

Riverbu, yaani mwangwi? Kidogo. Ukumbi huu una mabati, tayari unayo.

Wenye magitaa njooni mbele. Rithimu kwanza.