Mbona Unakaa Shamba? Jibu Langu Kuhusu Madison County, Ohio

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Jamaa zangu wa Pemba, wa Unguja, na nyote mlioko kwengine, hamjambo. Nimetoka zamu ya usiku na macho yangu mnayaona, lakini nimeamua nirekodi leo leo, kwa sababu kila nikifungua simu suali ni moja: "Dada, mbona unakaa shamba? Marekani gani hiyo, mahindi matupu?" Wengine wanauliza kwa wema, wengine kwa kebehi, na juzi kaniuliza mtu wa kwetu Wete, ananijua mpaka kwa bibi yangu. Basi nalijibu, na atakayeniuliza tena nitamtumia video hii.

Natanguliza hili kwanza. Nikisema hapa pazuri, mtasema najisifu. Nikisema hapa pagumu, mtaniambia rudi, nani kakufunga kamba. Sijisifu na sililii chochote. Nasema ninapoishi pakoje na pesa zinakwendaje, na nasema ya nyumba yangu tu.

Hapa panaitwa Madison County, jimbo la Ohio. Kaunti ya huku ichukulieni kama wilaya. Ohio nzima zipo 88. Mji mkuu wa kaunti hii unaitwa London. Wale mlioandika kuwa nimewadanganya niko Uingereza, irudieni ile video: nilisema niko London, na London ndiyo hii, watu elfu kumi na kidogo, mahakama ya zamani katikati, mashamba pande zote. Columbus, mji mkuu wa jimbo, uko kilomita 40 hivi upande wa mashariki.

Ngoja nigeuze simu. Haya yote mahindi. Kule ng'ambo ya barabara soya. Na yale mapipa makubwa ya bati ni maghala ya nafaka. Nayaonesha makusudi, kwa sababu kuna mtu alikata kipande cha video yangu akakisambaza kwenye magurupu, eti najitapia majumba. Si majumba, si yangu, na sikusema ni yangu.

Sasa sikilizeni ukubwa wake. Pemba yetu haifiki kilomita za mraba 1,000. Kaunti hii ni 1,200 na ushei. Pemba sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya laki tano. Hapa sensa yao ya 2020 iliwakuta watu 43,824, na humo wamehesabiwa mpaka wafungwa, maana London kuna jela mbili za jimbo. Mtu anaweza kuendesha gari dakika nyingi asikutane na mtu wa kumtolea salamu, na kwa sisi tuliokulia pahala ambapo kutoka mlango wa nyumba mpaka barabarani umeshaamkia watu, hilo ni zito. Nilipofika nilikuwa nikilia jioni. Sioni aibu kulisema.

Babu yangu alipewa zile eka tatu walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, na kwa eka tatu hizo zilikula nyumba nyingi. Jirani yangu hapa analima eka zaidi ya elfu mbili, yeye, mwanawe na mashine. Wanapanda mwisho wa Aprili na Mei, wanavuna kuanzia Septemba, na jembe la mkono sijaliona kwa mtu. Kwa hiyo mnaoniuliza kama kuna kazi za shamba, jueni mashamba haya hayataki watu wengi. Na mahindi yenyewe si ya kutoka nje ukachuma ukachoma. Mengi yanalishwa mifugo au yanatengenezewa ethanoli ya kuchanganya na mafuta ya gari.

Basi watu wanaishi kwa nini? Wanaishi kwa Columbus. Mji ule na viunga vyake una watu zaidi ya milioni mbili, na kaunti hii inahesabiwa ndani ya viunga hivyo ijapokuwa macho yanaona shamba. Alfajiri barabara kuu ya I-70 taa tupu, watu wanakwenda mjini. Mtu wa Unguja atanielewa haraka: Tunguu iko Mkoa wa Kusini, lakini wangapi wanaamka Tunguu riziki yao iko mjini, Darajani sokoni? Mimi mwenyewe nafanya kazi ghalani, West Jefferson, ndani ya kaunti hii hii, kwa sababu maghala yamefuata barabara kuu na ardhi ya bei nafuu. Mume wangu anafanya kazi Columbus.

Na hapo ndipo tunapokuja kwenye pesa. Watu wanaona kodi ya nyumba tu. Tunalipa dola 1,050 kwa mwezi, vyumba viwili, na uwanja mnauona. Columbus kwa pesa hiyo tulikuwa tunaoneshwa chumba kimoja. Kwa hiyo mtu anasema, ah, huyu kapata. Subirini. Mimi na mume wangu zamu hazilingani, na hapa ninapokaa hapapiti basi la kulisubiri kando ya barabara. Daladala sahau. Kwa hiyo gari mbili. Gari mbili maana yake bima mbili, mafuta mara mbili, mipira ya magurudumu mara mbili, na wakati wa theluji usithubutu kutoka na mipira iliyokwisha. Novemba paa wanakatiza barabara usiku, ukimgonga mmoja umekwisha wewe na gari. Nyumba inapashwa moto kwa gesi ya tangi lililoko uwani, anakuja mtu na lori analijaza, na bei ni ya siku hiyo aliyokuja. Maji ni ya kisima chenye pampu ya umeme. Siku umeme ukikatika na maji hakuna, na hilo najua hamtanihurumia.

Halafu kodi za serikali. Ohio miji ina kodi yake ya mapato, na unamlipa kwanza mwenye mji unapofanyia kazi. Columbus ni asilimia 2.5. Mume wangu halali Columbus, hapigi kura Columbus, lakini kila mshahara wanakata. Ndiyo sheria na tunaifuata, ila msichukue mshahara wa mtu mkauzidisha mara shilingi mkadhani ndicho kinachoingia mfukoni.

Nitasema na hili kwa sababu limenikaa. Kuna aliyeandika hadharani kwamba naonesha mashamba ya watu lakini khitma ya ami yangu sikuja. Ami yangu alinilea. Mwezi aliofariki ndio mwezi gari ya mume wangu ilikufa giaboksi, na fundi alitaka dola 2,800. Bila ya gari mume wangu hafiki kazini, asipofika kazini hatuli. Pesa ya tiketi ilikuwepo, ndiyo iliyokwenda kwa fundi. Nilituma nilichoweza kutuma, nikasoma Yasin peke yangu chumbani, na kule mtu akakaa akanihesabia. Wewe uliyeandika sitakutaja. Lakini ungeniuliza kabla ya kuandika.

Haya, karatasi. Hapa ndipo wengi mnapotaka nikae, na mimi pia ndipo nilipoumia zaidi. Leseni yangu ya Zanzibar huku haikunisaidia kitu, nimeanza upya: mtihani wa maandishi, halafu kibali cha kujifunzia, halafu barabarani. Ohio wana mtihani wao wa vigingi vitano. Unaingia kwenye kisanduku cha futi 9 kwa 20, unatoka mbele ukikizunguka kigingi cha kati, kisha unarudi kinyumenyume njia ile ile. Na ukumbuke sisi kwetu tunaendesha kushoto, huku ni kulia, kwa hiyo kila mkono unachokijua unakijua kinyume.

Lakini kuendesha si tabu kama kuthibitisha kwamba mimi ndiye mimi. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Hamis, pasi imeandikwa Khamis. Kwetu nani anajali? Ni jina la babu, kila mtu anajua. Huku herufi moja imenirudisha nyumbani kutoka dirishani. Halafu wanataka jina la kati na jina la ukoo. Sisi tuna jina letu, la baba, la babu, basi. Kuna ofisi wameniandika jina la baba ndio ukoo, kwengine la babu, na bima ya afya wakayaunganisha yote mawili. Tena ile leseni wanayoikubali mpaka uwanja wa ndege inataka karatasi mbili zenye jina lako na anuani unayoishi. Umeme ulikuwa kwa jina la mume, gesi kwa jina la mwenye nyumba. Nilikuwa ninaishi Ohio, ninalipa kodi Ohio, na sina karatasi ya kuonesha ninaishi Ohio. Kwa hiyo nawaomba mlioko huko: kabla hujasafiri, hakikisha cheti na pasi vinasema jina moja, herufi kwa herufi. Sahihisha ukiwa bado nyumbani. Hili peke yake nalisema bila ya kuweka "labda".

Ya dini na chakula. Nyama ya halali tunaifuata Columbus kwa Wasomali, wako wengi sana kule, ni katika jamii kubwa za Wasomali Marekani nzima. Tunanunua mbuzi, tunajaza friza. Sala ya Idi tunakwenda Noor, msikiti mkubwa upande wa Dublin, kaskazini magharibi ya Columbus. Kwa siku za kawaida tunasali nyumbani. Mwezi wa Juni Magharibi inaingia saa tatu za usiku, na mwanangu wa miaka saba ananiuliza kwa nini alale na jua lipo.

Mwanangu ndiye sababu kubwa ya mimi kukaa hapa, na hili sijawahi kulieleza vizuri. Basi la skuli la manjano linamchukua mbele ya nyumba na linamrudisha mbele ya nyumba, bila ya malipo. Mwalimu wake ananijua kwa jina. Columbus tulipokuwa, nilikuwa sijui mwanangu anacheza na nani. Hapa najua. Wenye watoto wakubwa au wasio na watoto wataona tofauti, na wana haki.

Na dharau ya shamba hainisumbui tena. Niliisikia tangu nasoma Unguja: ukitoka Pemba wewe mtu wa shamba, hata ukiwa umezaliwa Chake sokoni. Leo mtu anaiandika kwenye simu yake kana kwamba ghorofa ndiyo inayomlipia mtu bili.

Kinachonisumbua ni kwamba shamba lenyewe halitabaki. Mwaka 2024 bodi ya jimbo inayoshughulikia mitambo ya umeme iliidhinisha hapa kauntini mradi wa umeme wa jua, Oak Run, megawati 800, kwenye eneo la eka kama 6,000. Mjue ukubwa wake: ule waya wa chini ya bahari unaoleta umeme Unguja kutoka bara, wa Ras Kiromoni hadi Fumba, wa 2013, ni megawati 100. Viongozi wa kaunti walipinga, na njiani nimepita mabango ya kuukataa uwani mwa watu. Wenye mradi wanasema kondoo watalishwa chini ya paneli na sehemu italimwa. Majirani zangu wengi wanasema ardhi nzuri ya kilimo haifunikwi vioo. Mimi nawaelewa. Nimeiona Fuoni, kule Unguja, ikiwa mihogo na minazi, na leo ni nyumba ukuta kwa ukuta. Umeme unahitajika, nyumba zinahitajika, lakini ardhi ya kulima ikishafunikwa hairudi kwa urahisi. Ohio mkulima anatozwa kodi ya ardhi kwa thamani ya kilimo na si kwa bei ambayo angeuzia, na hiyo ni moja katika sababu mashamba haya yamesimama karibu na mji mkubwa namna hii. Akiamua kuuza, mwenye pesa yuko tayari. Na mimi ni mpangaji. Ardhi ikipanda, wa kwanza kufungasha ni mimi, na hakuna bango nitakaloweka kwenye uwanja usio wangu.

Sasa kijana wa Micheweni uliyeko Columbus, uliyeniuliza uhamie huku kwa sababu nyumba rahisi. Kwa hali uliyonieleza, usije sasa. Huna leseni, huna gari, unafanya kazi kwa zamu, na hapo ulipo basi linapita. Nyumba ikipungua dola 300 huku, gari itazila zote na itaomba nyengine. Pata leseni kwanza, nunua gari kwa pesa taslimu hata ikiwa kuukuu, kisha njoo utembee mchana na usiku uone kama unaweza. Mwengine atakwambia vyengine na huenda kwake ni kweli; mimi nakuambia nilivyoiona nyumbani kwangu. Na zile picha za vyeti ulizoniwekea kwenye maoni nimezifuta, usiweke karatasi zako mbele ya watu. Nitumie faraghani, ile tofauti ya jina la baba yako nimeiona, na ina njia yake.