Dakika Mbili za San Pedro

Mhadhara kwa wapenzi wa soka, Kirumba, Mwanza, kuelekea AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Morocco, iliyoanza Desemba 2025. Umeandikwa kama ulivyotolewa.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nilikuwa nimeandaa "mwangaluka", lakini tuliambiwa saa nne na sasa hivi nasikia adhuhuri inaadhiniwa, kwa hiyo salamu ya asubuhi imeshachacha. (Kicheko.)

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa mwalimu mstaafu wa historia. Ni kweli, ila leo sikuja na chaki, nimekuja na kesi. Ninaowashtaki ni wenzangu wa benchi la kahawa, kule chini karibu na Mwaloni, na mshtakiwa namba moja ni mimi mwenyewe, maana sina jioni ninayokosa. Tangu makundi yapangwe mwezi Januari tunabishana kuhusu Taifa Stars kila siku ya Mungu, hadi muuza kahawa ametuambia tununue benchi letu. Shtaka ni kwamba tunabishania majina, na mashindano haya huamuliwa na dakika.

Niwape jioni moja tu. Fundi wa mashine za boti, mtu wa Yanga, mikono bado ina grisi, anasema Nigeria hatuwawezi. Osimhen mchezaji bora wa Afrika 2023, Lookman 2024, wote timu moja, sisi tunakwenda na nini? Kinyozi wa jirani, Simba damu, anamjibu kwamba Nigeria hiyohiyo Novemba imetolewa kwa penalti na Kongo ya Kinshasa, Kombe la Dunia haiendi. Mpaka hapo ni mazungumzo ya watu wazima. Lakini kikombe cha pili hakijaisha, nimeshasikia "kocha amejaza watu wenu", nimeshasikia "beki wenu ndiye anayetufungisha", na Nigeria imesahaulika kabisa. Kwenye benchi letu Taifa Stars huishi kama dakika 6, baada ya hapo tunarudi Kariakoo, kwa Simba na Yanga. Mtu kazaliwa Igogo, kakulia Igogo, Kariakoo anaiona kwenye televisheni, lakini yuko tayari kukunjana mashati kwa ajili ya mtaa wa Msimbazi kuliko alivyowahi kuwa tayari kwa ajili ya Pamba, klabu yetu ya hapa Mwanza. (Makofi machache. Sauti: "Wana Kawekamo!") Naam, wapo. Wawili. (Kicheko.)

Sasa pembeni yetu alikuwa amekaa Mganda mmoja, mnunuzi wa dagaa, mtu wa kwenda na kurudi. Alikuwa anakula kashata yake kimya. Fundi na kinyozi walipopumua, akauliza kwa upole kabisa:

"Ssebo, nauliza tu. Tanzania kule AFCON imeshinda mechi ngapi?"

Kinyozi akarukia: "CHAN ya Agosti hapa nyumbani tumeshinda tatu!"

"Nimesema AFCON."

CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu. Wallahi, benchi zima halikujibu. Mmoja akaanza kupapasa mifuko kama aliyepoteza funguo. Muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake, kacha kacha, kana kwamba anaita wateja wengine wenye afadhali.

Jibu ni sifuri. Tumekwenda mara 3: Lagos 1980, Misri 2019, Ivory Coast Januari 2024. Mechi 9, sare 3, vipigo 6. Huo ndio mzigo tunaopanda nao ndege. Ule msemo wa Mzee Mwinyi wa kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi hujifunzia kunyoa, tunaupenda sana kwa sababu unatupunguzia kazi ya kuhesabu. Ukishasema mwendawazimu, huulizwi tena alinyolewa na nani wala saa ngapi.

Kijana wa miaka 20 humu ndani anajua Haaland kafunga mangapi msimu huu, lakini mwambie akutajie wafungaji wetu wa 1980. Juma Mkambi aliwafunga Nigeria, kwao, katika mechi ya ufunguzi, tukalala 3-1. Thuwein Ally akafunga mawili, moja kwa Misri na moja kwa Ivory Coast. Kila mechi tulipata bao! Jambo hilo halijajirudia. 2019 tulifunga 2, 2024 tukafunga 1. Na tiketi ya kwenda Lagos tuliipata Agosti 1979 kule Ndola, kwa sare ya 1-1, bao la Peter Tino, Vita ya Kagera ikiwa ndiyo kwanza imeisha.

Hapo nikamwambia Mganda wetu naye asicheke sana. Uganda ilicheza fainali Accra Machi 1978, ikafungwa na Ghana 2-0. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na wazee wa upande wa Bukoba mliomo humu hamhitaji kusimuliwa na mimi. Baada ya fainali ile Uganda hawakuiona AFCON mpaka 2017. Miaka 39. Sisi tulitoka Lagos 1980 tukarudi 2019. Miaka 39. Ziwa moja, kiangazi kimoja. Ila wao 2019 walivuka kundi wakafika 16 bora, na hilo Mganda alilitaja huku akijifuta mdomo, bila haraka.

Sasa twendeni San Pedro, kule Ivory Coast. Hapa ndipo nataka tukae.

Januari 21, 2024, Jumapili usiku, Tanzania na Zambia. Nilikuwa kwenye kibanda umiza hapa Kirumba, mabenchi ya mbao, joto la watu, feni moja inayozunguka kwa hisani. Dakika ya 11 Msuva anafunga. Dakika ya 44 Zambia wanapewa kadi nyekundu, Kabwe anatoka. Tunaongoza, tuko 11 kwa 10, tuna kipindi kizima mbele yetu. Watu walikuwa wameshaanza kumpangia Kongo wa mechi ya tatu. Zimebaki dakika chache, mzee aliyekaa mbele yangu akainama kutafuta kandambili zake chini ya benchi, awahi kutoka kabla mlango haujaziba. Alikuwa ameshaipata ya kulia. Dakika ya 88, kona. Patson Daka, kichwa, 1-1. Yule mzee hakuinuka. Uso wake sikuuona. Niliona mgongo tu, na kandambili moja mkononi.

Tukatoka sare na Kongo pia, bila bao, tukarudi nyumbani tukiwa wa mwisho. Kijiweni wakasema ni yaleyale. Mimi nikachukua daftari.

Kundi liliisha hivi: Morocco pointi 7, Kongo 3, Zambia 2, sisi 2. Futa lile bao la Daka. Sisi tunakuwa na 4, nafasi ya pili, tumevuka. Kongo, ambao walitoka sare mechi zote 3, wanashuka nafasi ya tatu na pointi zao 3, tofauti ya mabao sifuri. Tulieni sasa. Makundi ni 6, na katika wale wa nafasi ya tatu wanachukuliwa wanne bora. Namibia na Guinea walikuwa na 4. Mauritania 3, hasi 1. Na aliyeponea kwenye tundu la sindano alikuwa nani? Mwenyeji mwenyewe, Ivory Coast, pointi 3, hasi 3, aliyepigwa 4-0 nyumbani kwake na Equatorial Guinea hadi akamfukuza kocha katikati ya mashindano. Kongo akija pale na sifuri yake, Ivory Coast yuko nje. Na ni Ivory Coast hiyohiyo, Februari 11, iliyomfunga Nigeria 2-1 ikabeba kombe.

(Kelele ukumbini. Sauti: "Rudia hiyo hesabu!")

Sirudii, daftari lipo hapa, njooni mkague. Mzee wangu pale anatikisa kichwa, najua anachotaka kusema, kwamba "tungekuwa" haihesabiwi kwenye msimamo. Sawa. Na kweli, lile bao lisingeingia, mechi yetu na Kongo nayo ingechezwa kwa namna nyingine. Sibishi. Nasema tu kwamba usiku ule bingwa wa Afrika alikuwa ananing'inia kwenye kandambili ya kushoto ya yule mzee. (Kicheko kirefu.)

Mngeniambia ni bahati mbaya, ningenyamaza, kama ingekuwa mara moja. Cairo, Juni 2019, tuliongoza dhidi ya Kenya mara mbili, Msuva kisha Samatta. Wakasawazisha mara mbili, na dakika ya 80 Olunga akamaliza kazi, 3-2. Machi 2023, kufuzu, tukawafunga Uganda 1-0 kule Ismailia, bao la Msuva. Siku 4 baadaye wakaja Uwanja wa Mkapa, tunaihesabu sare mfukoni, Rogers Mato, dakika ya 90. Tuliwapita kwenye kundi lile kwa pointi moja tu, 8 kwa 7. Ya 80, ya 90, ya 88. Hizo ndizo namba za kuandika kwenye ukuta wa kibanda, mahali pa picha ya Messi.

Kwa nini inatokea? Mimi si kocha. Lakini nimetazama zile mechi tena, na ninachokiona ni kwamba tukishaongoza tunacheza kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani: hatua fupi, shingo ngumu, hageuki, anaomba tu afike. Mpira hatuutaki, tunaupiga mbele ili uende zake, na unarudi. Tunarudi nyuma wote, wa pembeni wanaanza kumimina krosi, zinazaa kona, na kona huzaa akina Daka. Mvuvi yeyote wa sangara atakwambia samaki hakuponyoki akiwa mbali. Anakuponyoka ubavuni mwa mtumbwi, umeshaona tumbo lake, umeshamuuza akilini. Wavuvi wenyewe wamejaa benchi letu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulisema hilo kuhusu Taifa Stars. Tunasema kocha, tunasema Simba, tunasema Yanga.

Ratiba mnaijua. Desemba 23 Nigeria, kule Fès, tunaanza na Nigeria kama tulivyoanza nao 1980. Desemba 30 Tunisia, Rabat, watu waliokwenda Kombe la Dunia kwa kucheza mechi 10 za kufuzu bila kuruhusu bao. Bila hata moja! Katikati, Desemba 27, Uganda. Hapo ndipo penye ulaji wetu. Mara iliyopita pointi 3 zilivusha watu na pointi 2 zikawarudisha. Anayenitajia Osimhen mwezi mzima anazungumzia mechi ambayo hata tukifungwa bado tuna safari. (Sauti: "Na 2027 je, mwalimu? Tuna nafasi kama wenyeji!") Ya 2027 ni ya nchi zote tatu za ziwa hili, na Mwanza tutaitazama kwenye televisheni hizihizi, viwanja viko kwingine. Hilo lina mhadhara wake, na siku hiyo nitakuja nimekasirika.

Turudi kwa Uganda, maana hakuna taifa ambalo ushabiki wetu wa klabu unatusaidia kulijua kama hilo. Okwi alivaa ya Simba akavaa na ya Yanga. Kiiza vilevile. Khalid Aucho kakaa Yanga misimu minne, na fundi wetu wa boti alikuwa anamtetea kama mtoto wa shangazi yake. Mukwala yuko Simba. Kwa hiyo jioni ile, Mganda alipokwisha kutufedhehesha, nikamgeukia fundi nikamwambia: wewe Aucho umemtazama miaka minne. Anaumizwa wapi?

Akanyamaza kwanza, kama anayeombwa siri ya nyumba. Halafu akaanza. Akasema Aucho ukimwachia nafasi ya kugeuka umekwisha, kwa hiyo abanwe wakati mpira bado uko njiani, mgongo wake ukiwa kwako, na asibanwe na mtu mmoja. Kinyozi akadakia, akasema hapana, ukituma wawili kwa Aucho unaacha mlango wa Mukwala, na Mukwala yeye anapenda kukimbilia hapa. "Hapa wapi?" Fundi akachovya kidole kwenye kahawa, akachora uwanja juu ya benchi. Kinyozi akachovya chake. Kahawa ikikauka wanachora upya. Mwanza nzima sijasikia ubishi mtamu kama ule, na kwa robo saa nzima jina la Simba halikutajwa wala la Yanga. Mganda aliacha kutafuna. Akasogea, akaangalia mchoro, akasema, "Na kipa wenu mmemweka wapi?" Tukamfukuza.

Alirudi kesho yake na dau. Debe moja la dagaa wakavu, wa kwao dhidi ya wetu, ingawa ukweli ni kwamba wote wanavuliwa maji yaleyale. Nimekubali kwa niaba ya benchi. Tarehe 27 ni Jumamosi, tutakuwa kwenye kibanda kilekile, na yule mzee nimeshamwalika, nitamlipia mimi kiingilio. Sharti nimempa moja. Avue kandambili mlangoni, tumkabidhi muuza kahawa, na asirudishiwe mpaka refa apulize.

Haya, maswali. Aliyetaka daftari aanze.